Niliyemwigiza Alikuwa Hai

Mimi ni mtani, na kazi ya mtani msibani ni kumrudisha marehemu kwa nusu saa. Siku hizi wengi hawaijui kazi hii. Wanadhani utani ni kupiga kelele na kupora sufuria ya wali. Hayo ni mapambo tu. Kazi yenyewe ni kuvaa nguo ya aliyekufa, kusimama mbele ya watu wake, kutembea kama yeye, kukohoa kama yeye, kugombana na mume wake kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wacheke, halafu walie tena, safari hii vizuri. Ukoo wetu na ukoo wa kina Anselmo hapa Kibaoni tumefanyiana hivyo tangu enzi za bibi zetu. Mama yangu mzazi aliigizwa na shangazi yao, nikacheka mpaka nikajikojolea kidogo, na sioni aibu kusema.

Watu huniuliza najifunzia wapi. Sijifunzi. Mimi ni fundi cherehani, nashinda nikipima miili ya watu. Najua nani bega lake moja limeshuka, nani anaegemea mguu gani akisubiri chenji. Siku ya msiba navaa nguo ya marehemu, nasimama, naacha visigino vitafute njia. Vikishaipata, mwili wote unafuata, na mimi Rozalia nakaa pembeni kidogo, ndani ya kichwa changu mwenyewe, naangalia kama wengine.

Mwezi wa pili mwaka huu alifariki Bibi Scolastica, mama yao Anselmo. Anselmo ndiye mtoto wa kwanza. Wa mwisho ni Pelagia, daktari wa kituo chetu cha afya, na huyu lazima nimweleze vizuri.

Pelagia alikulia kwenye majaruba ya mpunga kama sisi sote, ila yeye alikuwa mrefu kupita kiasi, tena mashoto. Shule ya msingi walimchukua kwenye mashindano ya shule kucheza netiboli. Sekondari akapata mwalimu aliyemfundisha mpira wa mikono, mchezo ambao hapa hakuna aliyekuwa ameuona. Tulidhani ni netiboli ya watu wasioweza kutulia. Alipofika miaka ishirini na moja alikuwa ameivalia Tanzania jezi kwenye michezo yote miwili. Miwili, nasema! Alikwenda Nairobi na netiboli, akaenda Kigali na mpira wa mikono, akarudi chuoni kufanya mtihani wa udaktari huku bega lake limefungwa bandeji. Hawakumlipa. Ilikuwa michezo ya ridhaa: unapewa nauli, soda, na koti la mazoezi lenye jina la nchi mgongoni. Ukivunjika unarudi kwenu na mvunjiko wako.

Alipomaliza masomo aliacha michezo yote miwili siku moja. Alisema mikono yake inatosha kazi moja tu. Akaomba kupangiwa kwao, jambo ambalo madaktari hawaliombi, na lile koti akampa mama yake. Bibi Scolastica alilivaa miaka kumi na minne. Alilivaa sokoni, akalivaa misa ya asubuhi wakati wa baridi, akalivaa shambani. Ukiona neno TANZANIA limeinama katikati ya mpunga, basi ujue bibi anapalilia.

Kwa hiyo siku ya kuigiza, Anselmo alinipa koti hilo. Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na mpaka leo sijui nimlaumu yeye au nijilaumu. Nguo ya kuigizia inatakiwa iwe ya marehemu peke yake: kanga yake, ndala zake, kitambaa chake cha kichwa. Koti lile lilikuwa limevaliwa na wawili. Tulijua wote, na hakuna aliyefikiri.

Nilivaa, nikasimama katikati ya uwanja, watu wakaanza kutabasamu mapema. Nilitegemea mgongo uiname, hatua ziwe fupi za haraka, na kile kikohozi cha bibi cha kuwaonya wakwe. Visigino vikakataa. Mgongo ukanyooka. Nikajikuta nimekuwa mrefu, na mimi ni mfupi, waulize wanaonijua. Nikatembea kuelekea jamvi la wafiwa, na mguu wa kushoto ukawa unatua vibaya, unyayo unapiga chini, pwa, pwa, kama mtu aliyevaa kandambili zisizo zake. Nikajaribu kufunga zipu ya koti. Mkono wa kushoto ukashika, ukateleza. Ukashika tena, ukateleza tena. Ndipo mkono wa kulia ukaja kimyakimya kumalizia kazi, huku uso wangu unatabasamu kwa adabu, kama wa mtu anayeficha jambo mbele ya wageni.

"Eh! Daktari huyo!" alipiga kelele mama mmoja. "Ni daktari kabisa!"

Wakacheka. Kicheko kilidumu labda kwa hesabu ya kumi, kisha kikafa chote kwa pamoja. Wanaoigizwa msibani ni wafu. Kila aliyekuwa pale alikumbuka hilo kwa wakati mmoja, na mimi nikakumbuka wa mwisho, maana miguu ilikuwa bado inatembea. Nilitaka kusimama, haikunisikia. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Anselmo akainuka.

"Rozalia, vua. Vua hilo koti, utuondokee!"

Niliporarua zipu na kulitoa ndipo nikarudi kuwa mfupi. Pelagia alikuwa amekaa kwenye jamvi, mikono mapajani, wa kulia umeufunika wa kushoto. Hakucheka wala hakukasirika. Hakunitazama usoni hata kidogo. Alikuwa anautazama mkono wangu.

Nilifukuzwa msibani bila chakula na bila kitu, jambo ambalo halijawahi kumpata mtani yeyote wa kwetu. Mjini, maana Kibaoni tunaiita mji tukiwa na raha, wakasema nimemwita daktari kaburini. Wateja wawili wakaja kuchukua vitambaa vyao ambavyo sikuwa nimevikata. Yote hayo ningeyavumilia. Kilichoninyima amani ni Recho.

Recho ni binti yangu wa pekee. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na huyu wa pili alikuwa amelala mlalo, kichwa ubavuni, miguu ubavuni. Ilikuwa imeshapangwa: afanyiwe upasuaji tena kituoni, na wa kumpasua ni Pelagia. Nami nilikuwa nimeuvaa mkono wa Pelagia. Niliujua kutoka ndani. Mkono ule usingeweza kushona kifungo, sembuse tumbo la mwanangu.

Nikasema. Mdomo wangu hauna breki, hilo wote wanalijua. Nikamwendea nesi Mariana, anayesaidia chumba cha upasuaji, nikamwambia mkono wa daktari ni mgonjwa. Mariana akashika mbavu.

"Mama Recho, utatuua kwa vituko! Msibani umetutisha, sasa umekuja na huku?"

Nikamwambia na Recho mwenyewe. Akaniambia, "Mama, utani una mwisho." Hiyo ndiyo faida ya kuwa mtani. Una ruhusa ya kusema lolote, ila hakuna atakayekuamini.

Siku ya nne Pelagia alikuja dukani kwangu, mchana wa jua kali. Alikuwa amelibeba lile koti kwenye mfuko wa rambo. Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Rudia," akasema.

"Dada, haifai. Watu wanasema..."

"Mtani, rudia. Mwili huu nimekaa nao miaka yote, sijawahi kuuona kutoka nje."

Nilivaa. Safari hii sikuhitaji hata kusimama vizuri, mwili wake ulinikuta njiani. Akaniambia nitembee hadi kwenye cherehani na kurudi. Pwa, pwa. Akaniambia ninyanyue mkono, nitanue vidole, nimsukume kiganja kwa nguvu zangu zote. Nilimsukuma. Wallahi nilimsukuma, kwa sababu nilitaka kumwonyesha kwamba ni mchezo tu, kwamba naweza kuacha. Vidole vikakunjika kama vya mtoto. Hapo nilikuwa siigizi tena, na wote wawili tulijua. Alichukua mkasi wangu wa kukatia vitambaa, akagonga chini ya goti langu kwa mpini wake, na mguu ukaruka juu kwa fujo mpaka ukapiga meza.

"Vua," akasema. "Inatosha."

Kisha akauweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, karibu na wangu. Nyama ya katikati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imebonyea. Mimi ninayepima watu siku nzima sikuwa nimeliona hilo.

"Nilidhani ni bega," akasema. "Niliumia bega Kigali. Tangu hapo kila kinachoniuma nakisingizia Kigali. Mkono ukilegea, Kigali. Kikombe kikianguka, Kigali. Mtu aliyechezea Taifa hawezi kudhani mwili wake unamdanganya."

"Ni nini sasa?"

"Neva zinazoendesha misuli zinakufa. Nitakwenda Dar kupima, ila najua. Zikianzia mkononi haziishii mkononi. Zimeshafika mguuni, zitafika koo."

"Dawa?"

"Ya kuponya hakuna."

Aliponyanyuka alisema, "Recho hatazalia mikononi mwangu. Jumatatu gari la wagonjwa litampeleka Mpanda, kuna wapasuaji wanne kule. Na mimi sitashika kisu tena." Niliposikia hivyo moyo wangu ulitulia kabisa, mpaka nikajionea haya, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu ametoka kujihukumu kifo.

Recho hakuisubiri Jumatatu. Ijumaa usiku mvua ilianza, na Jumamosi saa nne asubuhi uchungu ukamshika. Tulimfikisha kituoni kwa bajaji. Gari la wagonjwa halikuwepo. Lilikuwa limeondoka Ijumaa na mgonjwa mwingine, pamoja na daktari msaidizi Obadia, na sasa lilikuwa limekwama upande wa pili wa hifadhi ya wanyama, kwenye barabara ya Mpanda. Maji yalikuwa yamepita juu ya daraja. Pelagia alizungumza na Obadia kwenye simu mbele yangu, ameweka sauti kubwa.

"Dokta, hata trekta limerudi," Obadia alisema. "Kesho, Mungu akipenda."

Recho hakuwa na kesho. Kovu la zamani, mtoto amejipinga mlangoni kama gogo, na uchungu unaongezeka. Pelagia alimpima, akatoka barazani akiwa amevaa nguo za kijani za upasuaji. Alikuwa amekwisha kunawa, mikono ameiinua mbele ya kifua, na nikaona ule wa kushoto unashuka wenyewe taratibu.

"Mama Recho, nikuambie ukweli. Nina saa moja, labda chini ya hapo. Nina Mariana, nina mtu wa kutoa dawa ya usingizi. Mkono wa kukatia sina. Huu wa kulia nimeufundisha kushika tu. Nikikata nao naweza kumuua, na nisipokata watakufa wote wawili."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, mvua, daraja, Kigali. Na mimi nikikasirika au nikiogopa natania, sina njia nyingine, nimezaliwa hivyo.

"Msibani kwa mama yako sijachukua kitu," nikamwambia.

Akanitazama. Alielewa. Mtani akimaliza kazi msibani ana haki ya kubeba kitu kimoja cha wafiwa, kuku, sufuria, chochote atakachokishika, na hawaruhusiwi kumkatalia. Kinakuwa chake mpaka wenyewe waje kukikomboa kwa kitu kingine.

"Anselmo alinifukuza kabla sijachagua," nikasema. "Nachagua sasa. Nataka huo mkono."

Nilisema kwa kebehi, huku nalia. Yeye hakucheka. Aliniletea mkono wa kushoto, akauacha hewani mbele yangu. Nikaukamata kwenye kifundo, nikauvuta kama ninavyovuta sufuria ya watu.

"Ni wangu huu. Mpaka uje uukomboe."

Akarudi ndani kunawa upya.

Nilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mtu aliniletea chai kwenye chupa, nikataka kumimina, na mkono wangu wa kushoto haukuja. Haukufa ganzi, nilihisi ubaridi wa benchi chini ya kiganja, nilihisi pete yangu. Ulikuwepo, ila ulikuwa hausikilizi. Nikautazama. Chini ya ngozi, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, nyama ilikuwa inacheza yenyewe, vijitetemeko vidogo vidogo, kama mdudu anayepita chini ya shuka. Nilitaka kupiga kelele. Nikajiziba mdomo kwa mkono wa kulia, kwa sababu upande wa pili wa ukuta ule tumbo la mwanangu lilikuwa wazi.

Niliisikia sauti ya Pelagia. Haikuwa sauti yake ya wodini. Ilikuwa ya msichana aliye uwanjani, fupi, ya haraka, inayodai mpira. "Nipe. Nipe! Hapa. Kingine. Nipe!" Na vyuma vilikuwa vinaitikia, bila kudondoka hata kimoja. Kisha mtoto akalia.

Pelagia alipotoka alikuwa anacheka. Alikuwa ameshavua glavu, na mkono wa kushoto anaufumba na kuufumbua, anaufumba na kuufumbua. "Wa kike! Kilo tatu na kitu. Recho anaongea, anakuulizia." Alikuwa na bunda la bandeji mkononi. Akalirusha juu akalidaka. Akalivurumisha ukutani kwa nguvu, likarudi, akalidaka tena kwa mkono huo huo bila kuangalia. Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye furaha namna ile. Miaka ilikuwa imemtoka yote.

Ndipo akauona mkono wangu.

Ulikuwa kwenye mapaja yangu, kiganja juu, vidole vimejikunja. Bandeji ikamponyoka. Alichuchumaa, akaniambia ninyanyue, nikamwambia siwezi. Akaweka vidole vyake juu ya nyama ile inayocheza, akavituliza pale muda mrefu.

"Nimekuja kuukomboa," akasema.

Nilimwambia asubiri. Nilitaka kufikiri kama mtu mwema. Wiki ijayo kungekuwa na mwanamke mwingine, na wiki ile nyingine mwingine, kutoka Usevya, kutoka huko kwenye vijiji vya mpunga, na mvua hizi zingeendelea. Mkono ule ulikuwa unatoa watoto wazima. Wangu ulikuwa unakunja pindo za sketi. Mtu yeyote angejua mkono upi unahitajika zaidi duniani, na mimi nilijua.

"Kaa nao, dada," nikasema. "Nakupa."

Alinitazama vile alivyonitazama msibani, si usoni.

"Mtani, mwili wako haujui kudanganya," akasema. "Mdomo ndio unaodanganya. Unatetemeka mpaka benchi linatetemeka. Na nilikwisha kukuambia, ugonjwa huu hauishii mkononi."

Akavua kofia yake ya upasuaji, akainama kuiweka mapajani kwangu, ndiyo iwe kitu cha kukombolea. Haikuwa imefika. Kitambaa kilikuwa bado hewani, yeye bado anainama, na mimi nikawa nimeshasema, "Umekomboa, umekomboa, ni wako." Nilisema haraka, nisije nikampa nafasi ya kubadili mawazo.

Kidole kidogo kilikuja kwanza, kisha vingine. Niliukunja mkono, niliunyoosha, niliubusu. Pelagia alijaribu kuiokota ile bandeji sakafuni. Ilimteleza mara mbili. Akautumia mkono wa kulia kuunyanyua wa kushoto, akautia kwenye mfuko wa nguo yake taratibu, kama unavyomlaza mgonjwa.

"Asante," akaniambia. Yeye ndiye aliyesema asante.

Mariana akatokea mlangoni na furushi jeupe, akauliza bibi yuko wapi. Nilinyanyuka nikampokea mjukuu wangu kwa mikono miwili, na sikugeuka nyuma.